Jengo letu la zege la mwaka 1974: tulibomoe au tulitunze?

Katibu wa Ghorofa Sita

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni katibu wa umoja wa wamiliki wa jengo moja la ghorofa sita lililoko Upanga, Dar es Salaam, lenye fleti 24. Lilijengwa mwaka 1974 na shirika la umma kwa ajili ya watumishi wake, na miaka mingi baadaye fleti zikauzwa kwa familia zilizokuwa zikiishi humo, yetu ikiwa mojawapo. Ni jengo la zege tupu: kwa nje halijapigwa plasta wala kupakwa rangi tangu lisimame, na ukilisogelea utaona bado alama za mbao zilizotumika wakati wa kumwaga zege, mishipa na vifundo vya mbao vikiwa vimejichora ukutani. Upande wa magharibi lina vizuia jua vya zege vilivyosimamishwa kutoka chini hadi juu, na ngazi zake zimezungushiwa ukuta wa matofali ya matundu unaopitisha upepo hata mwezi wa Februari.

Mwezi Machi, baada ya usiku wa mvua kubwa, kipande cha zege chenye ukubwa wa sahani kilibanduka chini ya baraza ya ghorofa ya tatu kikaanguka mahali ambapo watoto husubiri gari la shule. Mungu alitustiri, kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Nilipanda na tochi kwenda kuangalia, nikakuta nondo ziko wazi, zimevimba, na kutu inabanduka maganda kwa maganda kama kitunguu. Tangu siku hiyo tumeanza kuliogopa jengo ambalo tumezaliwa ndani yake.

Katika hali hiyo amejitokeza mwendelezaji anayependekeza ubia: alibomoe jengo, ajenge la ghorofa 18, kila familia irudishiwe fleti mpya, naye abaki na zilizosalia. Wamiliki wamegawanyika. Vijana wengi wanataka libomolewe, na majirani wamekwisha kulibatiza jina la gofu. Wazee wanasema jengo ni imara, ila limetelekezwa. Juma lililopita binti yangu anayesoma chuo aliniambia kwamba majengo ya namna hii yana mtindo wake unaojulikana duniani, na kwamba nchi nyingine watu wanaandamana kuyatetea. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kuandamana kwa ajili ya ukuta wa kijivu.

Kikao cha uamuzi ni baada ya miezi miwili. Naomba mnisaidie: ni mambo gani yanayopaswa kuamua kama jengo kama hili libomolewe au litunzwe, na nianze na lipi?

Mhandisi wa Miundo

Ndugu Katibu, pole kwa mshtuko. Kabla ya jambo lolote naomba uzungushie mabati eneo lote lililo chini ya baraza, leo hii, kwa sababu kilipobanduka kipande kimoja vingine viko njiani. Hilo halisubiri kikao.

Nimekagua majengo ya zege ya pwani kwa miaka mingi, na kosa ninalolikuta kila mara ni watu kujadili hatima ya jengo kwa kulitazama sura. Madoa meusi ya ukungu humtisha mtu akadhani jengo limekufa, kumbe ni maji ya mvua na vumbi vilivyokaa juu ya zege lililo zima kabisa. Na nguzo iliyopakwa rangi ikang'aa yaweza kuwa inaliwa kwa ndani. Zege lenyewe haliozi kwa namna watu wanavyodhani. Kinachougua ni chuma kilichomo ndani yake.

Nondo iliyozikwa kwenye zege jipya hulindwa na alikali ya saruji, ambayo hujenga juu ya chuma utando mwembamba usioonekana na kukizuia kisishike kutu. Ulinzi huo huvunjwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa ukaa iliyomo angani, ambayo hupenya polepole, mwaka hadi mwaka, ikiimaliza alikali kuanzia nje kwenda ndani; ikifika kwenye nondo, kinga imekwisha. Ya pili ni chumvi, ambayo kwenu Upanga huletwa na upepo wa bahari, na katika baadhi ya majengo ya pwani ilikuwemo tangu siku ya kwanza kwa sababu mchanga ulichotwa ufukweni bila kuoshwa. Kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo husukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke na kubanduka. Ndiyo maana baraza hutangulia kuharibika kabla ya nguzo: slabu ya baraza ni nyembamba, nondo zake mara nyingi ziko karibu sana na uso, na mvua huipiga kila upande.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu hupimika. Fundi hutoboa tundu dogo, husafisha vumbi, kisha hupuliza dawa iitwayo fenolftaleini. Zege ambalo bado lina alikali hugeuka rangi ya waridi iliyokolea papo hapo, na lililopoteza alikali hubaki na ukijivu wake. Ukipima kina cha huo ukijivu na kukilinganisha na kina zilipo nondo, unajua kama adui amekwisha kufika au bado yuko njiani. Unga unaotoka kwenye tundu hupelekwa maabara kupimwa chumvi, na vipande vya mviringo hukatwa kwenye nguzo na mihimili ili vibanwe kwa mashine hadi vivunjike, nguvu ya zege ijulikane kwa tarakimu. Gharama ya vipimo hivi kwa jengo la ghorofa sita haifiki hata karibu na thamani ya fleti moja, na bila majibu yake kikao chenu kitakuwa kinapiga kura juu ya hofu.

Nikuonye pia kuhusu ukarabati wa uongo. Zege bovu hukatwa mpaka nyuma ya nondo, si kuishia usoni pake. Nondo husuguliwa mpaka chuma kionekane cheupe, iliyoliwa sana huongezewa mwenzake, ndipo pengo hujazwa kwa mota maalumu inayoshikamana na zege la zamani. Fundi akiwaambia ataziba kwa plasta na kupaka rangi, msimpe kazi. Chini ya plasta kutu itaendelea kula, na safari ya pili hakitaanguka kipande cha ukubwa wa sahani.

Ikiwa vipimo vitaonyesha chumvi nyingi ndani ya nguzo za ghorofa ya chini, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kukushauri mbomoe. Ninachokataa ni kubomoa kabla ya kujua.

Mthamini wa Majengo

Nimeyasoma maelezo ya mhandisi na sina la kupinga katika fani yake. Naomba tu swali lisiishie kwenye nondo, kwa sababu jengo laweza kuwa imara kama jiwe na bado likawa halifai tena mahali lilipo.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Idadi kubwa yao huamka alfajiri wakitokea Chanika, Mbagala, Bunju na Kibamba ili wafike mjini, na jioni hurudi huko huko wakiwa wamesimama. Kiwanja cha Upanga kinachobeba familia 24 kingeweza kubeba 90 au zaidi, watu wakaenda kazini kwa miguu. Anayesema jengo la chini lihifadhiwe katikati ya jiji anapaswa kujibu ni nani anayelipa gharama ya uhifadhi huo, na jibu mara nyingi ni yule anayelala saa 5 usiku na kuamka saa 10 alfajiri.

Pili, Katibu hakutaja lifti. Jengo la ghorofa sita la mwaka 1974 likiwa na ngazi moja tu halina njia ya pili ya kutorokea moto, wala mlango anaoweza kupita mtu mwenye kiti cha magurudumu. Wazee mnaosema wanalitetea jengo, wangapi wameacha kushuka chini kwa sababu ya magoti? Nimekuta katika kazi yangu mama wa miaka 78 ambaye alikuwa hajakanyaga ardhi kwa miezi saba, akipokea mboga kwa kikapu na kamba.

Tatu, haya majengo ya zege tupu hupendwa zaidi na wanaoyapiga picha kuliko wanaoishi humo. Sisemi hayana thamani. Nasema kwamba si kila ukuta wa kijivu ni urithi wa taifa, na wamiliki 24 waliouziwa fleti kihalali hawapaswi kuambiwa na watu wa mbali kwamba mali yao ni makumbusho.

Mtoto wa Michenzani

Assalam alaykum. Nimelelewa kwenye majumba ya Michenzani, Unguja, yale marefu ambayo watu huyaita matreni, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Naishi mbali sasa, lakini mama yangu bado yupo ghorofa ya tano, na maneno ya mthamini kuhusu kikapu na kamba yamenigusa, kwa sababu kikapu chetu kilikuwa cha rangi ya buluu na kamba yake niliisokota mimi.

Nataka kusema mambo mawili yasiyokubaliana, na yote mawili ni kweli kwangu.

Maisha ya juu yalikuwa magumu. Mabomba yalikauka, nasi watoto tulipanda ndoo kichwani asubuhi kabla ya kwenda skuli na jioni tukitoka chuoni. Babu yangu alipofariki, jeneza halikuweza kugeuka kwenye kona za ngazi likiwa limelala, na wanaume ilibidi waliinue upande wa kichwa hadi likawa karibu kusimama, huku mmoja akisoma na mwengine akilia. Mtu asiniambie zege lile ni zuri bila ya kujua habari hiyo.

Na bado sitaki libomolewe. Kabla ya majumba yale palikuwa na mitaa ya Ng'ambo, nyumba za udongo na makuti, na watu wake waliambiwa kwamba kuvunjwa kwa nyumba zao ndio mwanzo wa maisha bora. Wako waliopata fleti wakafurahi, wako waliotawanyika wakapoteza majirani. Baada ya miaka hamsini vidato vya ngazi vimekuwa ndiyo baraza zetu. Pale ndipo watu hucheza bao na kuuza ubuyu, pale ndipo posa hupelelezwa. Likivunjwa jumba, watu wale watatawanyika kwa mara ya pili katika kizazi kimoja na nusu.

Nakuomba pia ukumbuke Beit el Ajaib. Jumba lile alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883 lilikuwa ndani ya Mji Mkongwe, ambao upo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na bado sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Jina la urithi halishikilii paa. Kwa hiyo mkiamua kulitunza jengo lenu, ulizaneni kwanza nani atapanda juu kila baada ya masika kuangalia maji yanapita wapi, na atalipwa kutoka mfuko gani. Sisi Michenzani hatukuwahi kukosa watu wa kulisifu jumba. Tulikosa wa kuzibua mfereji wa paani.

Msanifu Majengo, Dar

Ndugu Katibu, binti yako yuko sahihi, na nitaeleza kwa nini, ingawa sitakuomba uandamane.

Jina la mtindo huu, brutalizimu, linatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya zege bichi, yaani zege lililoachwa kama lilivyotoka kwenye mbao, na halihusiani na ukatili kama wengi wanavyodhani. Msanifu Le Corbusier alilitumia hivyo kwenye jengo lake la makazi la Marseille, Ufaransa, lililokamilika mwaka 1952. Kwetu mtindo uliingia pamoja na uhuru, ukapokelewa kwa sababu zetu wenyewe. Saruji na kokoto zilipatikana, marumaru na kioo viliagizwa kwa fedha za kigeni. Mafundi wa kusuka nondo na kugonga mbao walikuwepo. Na zege liliweza kukunjwa likawa kivuli. Vile vizuia jua vya upande wako wa magharibi na yale matofali ya matundu kwenye ngazi hayakuwekwa kwa urembo. Mtu alikaa akahesabu jua la saa 10 jioni linaingia kwa pembe gani. Minara ya kioo inayojengwa leo haina hesabu hiyo, ndiyo maana kiyoyozi kikizimika ofisini watu hutoka nje.

Mfano ulio karibu nawe ni Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea Haifa, Israeli, na mmoja wa Waafrika wa kwanza katika eneo letu kuanzisha ofisi yao wenyewe ya usanifu. Simama katikati ya soko lile utazame juu: nguzo zinapanda, kisha zinafunguka kuwa miavuli ya zege iliyopinduliwa, na kati ya mwavuli na mwavuli mwanga na hewa vinashuka. Umbo hilo hukusanya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Soko la Kiafrika lilianzia chini ya mti, naye akajenga miti. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua, na nakiri kwamba nilipoona picha za moshi nilidhani tutaambiwa limekwisha. Haikuwa hivyo. Serikali iliamua kulikarabati jengo la Amuli na kujenga jengo jipya la ghorofa kando yake, ili soko lipate nafasi zaidi. Napenda mthamini alitazame jambo hilo, kwa sababu hoja yake kuhusu nafasi ina uzito, na pale Kariakoo ilijibiwa bila kubomoa kilichokuwa bora.

Wakenya nao wana KICC, jumba la mikutano ya kimataifa la Nairobi, iliyosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei akishirikiana na David Mutiso, ikakamilika mwaka 1973 kwa ghorofa 28. Leo picha yake iko kwenye noti zote za Kenya zilizotolewa mwaka 2019. Nyuma ya noti yetu ya shilingi 500 ulikuwepo Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na naamini wengi waliitumia noti ile miaka yote bila kujua kwamba wameshika zege la miaka ya 1960 mkononi.

Kuhusu sheria, usitegemee kwamba itakuamulia. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyokuja baadaye hulindwa pale tu yanapotangazwa rasmi. Jengo la mwaka 1974 linaweza kubomolewa kesho, kwa kibali cha kawaida. Huo ndio upungufu unaonikera zaidi katika taaluma yetu, kwamba sheria inamlinda sultani na Mjerumani vizuri kuliko inavyomlinda Amuli.

Waingereza wamekwisha kufanya makosa yote mawili na tunaweza kujifunza bila kulipa. London kulikuwa na Robin Hood Gardens, makazi ya zege yaliyokamilika mwaka 1972, ambayo yalinyimwa ulinzi wa kisheria na yakaanza kubomolewa mwaka 2017; makumbusho ya Victoria and Albert yakachukua kipande cha jengo na kukionyesha Venice mwaka 2018, watu wakapanga foleni kutazama ukuta ambao wakazi wake walikuwa wamehamishwa. Sheffield kuna Park Hill, ya mwaka 1961, iliyokuwa imechakaa kupita ya London, ikawekwa kwenye orodha ya ulinzi mwaka 1998, ukuta wa kujazia ukaondolewa, mifupa ya zege ikatengenezwa, na sasa watu wanaishi humo. Hata hivyo si wakazi wale wale, kwa sehemu kubwa, na hilo ni doa. Mfano ninaoupenda zaidi uko Bordeaux, Ufaransa: fleti 530 za Grand Parc, ambazo wasanifu Lacaton na Vassal pamoja na wenzao waliziongezea sehemu mpya kwa nje, zikapata mwanga na nafasi, huku familia zikiendelea kuishi ndani. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Ulaya ya usanifu mwaka 2019.

Jambo la mwisho, kwa kuwa vijana wa jengo lenu wanataka kipya. Utengenezaji wa saruji hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Hiyo ya jengo lenu ilikwisha kutoka mwaka 1974. Mkibomoa, mnaitoa upya, na kifusi kinakwenda kutupwa bondeni.

Lifti inaweza kujengwa nje ya jengo, kwenye mnara wake wenyewe, pamoja na ngazi ya pili. Nimeona ikifanyika. Uliza kama kiwanja kina mita tatu za ziada upande wa nyuma.

Mkazi wa zamani

Sina elimu ya majengo, nina neno moja tu kuhusu ubia. Familia yetu ilisaini mkataba kama huo. Nyumba ilibomolewa kwa siku nne. Kodi ya nyumba tuliyopangishiwa ililipwa miezi kumi na moja, kisha ikakoma, na kiwanja kikabaki shimo lenye maji na uzio wa mabati kwa miaka sita. Marehemu baba alikuwa akipita pale kila Ijumaa akitoka msikitini, anasimama, anatazama chura, anaondoka. Ndugu Katibu, hata mkiamua kubomoa, msikubali nyundo ya kwanza kabla ya kuona fedha za ujenzi zimewekwa mahali ambapo mwendelezaji hawezi kuzigusa peke yake.

Katibu wa Ghorofa Sita

Ndugu zangu, nawashukuru mno, na naomba radhi kwa kukaa kimya wiki tano. Nilisoma majibu yenu kwa sauti mbele ya kamati, likiwemo la mthamini, ambalo lilimfanya mzee wetu wa ghorofa ya sita aseme kwa mara ya kwanza kwamba hajashuka tangu mwezi wa Ramadhani. Hatukuwa tunajua. Tulidhani anapenda utulivu.

Tulichangishana, kila fleti, tukaita wapimaji. Wametoboa matundu 31. Kwenye baraza za upande wa bahari dawa haikugeuka rangi mpaka nyuma ya nondo, na chumvi ni nyingi. Baraza nane zitalazimika kukatwa na kumwagwa upya, na hadi hapo tumefunga milango yake. Kwenye nguzo za ngazi na za ghorofa ya chini, nilikuwa nimesimama pale mwenyewe, fundi alipuliza na tundu likawa waridi kuanzia karibu na mdomo wake hadi mwisho. Vipande vilivyobanwa maabara vimeonyesha nguvu inayozidi ile iliyoandikwa kwenye michoro ya zamani, ambayo tuliipata kwa mjane wa msimamizi wa kwanza wa jengo, imekunjwa ndani ya kanga.

Nyuma ya jengo kuna mita tatu na nusu. Msanifu mmoja anatuchorea mnara wa lifti na ngazi ya pili, na tutaweka makadirio yake kando ya mkataba wa mwendelezaji ili wamiliki walinganishe tarakimu kwa tarakimu. Kuhusu hoja ya nafasi kwa wanaotoka mbali, sijapata jibu linaloniridhisha. Tumeuliza kama nguzo zinaweza kubeba ghorofa mbili nyepesi juu ya paa, na mhandisi anapiga hesabu. Zikikubali, tutakuwa na fleti nane za kuuza na pengine fedha za lifti zitatoka hapo.

Mimi nitapiga kura ya kulitunza, na nitasema hivyo waziwazi kikaoni. Vijana bado hawajashawishika, nao wana haki ya kusikilizwa, kwa hiyo mhazini ameomba lile tundu la kwenye nguzo ya ngazi lisizibwe hadi Jumamosi ya kikao, na chupa ya dawa ibaki ofisini kwangu, ili kila mmiliki atakayepanda ngazi apulize mwenyewe.